Mnaoniuliza ninawafanyia nini dada zetu wa kazi za nyumbani hapa Doha

Hamjambo ndugu zangu. Tangu nianze kurekodi video hizi swali ni lile lile: wewe uliye Doha, Qatar, unayefanya kazi ya ofisini, unawafanyia nini dada zetu wanaofanya kazi majumbani? Nimechelewa kujibu kwa sababu nikitaja ninachofanya nitaambiwa ninajitangaza, na nikitaja ninachokiona nitaambiwa ninaitukana nchi inayonilisha. Ninayosema leo ni yangu mwenyewe, na kila mtu ayapime kwa hali yake.

Habari za mateso mmezisikia, sitazirudia. Sheria ipo: ile ya Qatar namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku nzima ya mapumziko kila wiki, na tangu Machi 2021 mshahara wake hauruhusiwi kushuka chini ya riyali 1,000 kwa mwezi, ambazo ni kama dola 275. Lakini sheria humfaa mwenye karatasi mkononi, na karatasi ndizo ambazo dada zetu wengi hawana, kwa kuwa pasipoti imefungiwa kabatini kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, na mkataba aliutia sahihi mara moja tu, mbele ya wakala mwenye haraka.

Kwa hiyo ninachofanya ni kidogo. Nikikutana kwenye lifti na dada anayeshusha taka, ninamsalimu na kumuuliza jina lake na kwao ni wapi. Tukizoeana, ninamshauri apige picha pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na kila ukurasa wa mkataba, kisha amtumie nduguye aliye nyumbani, ili simu yake ikichukuliwa nakala zibaki.

Thamani ya karatasi niliijua kwa uchungu. Binti wa shangazi yangu alitoka Mombasa baada ya familia kuuza ng'ombe wawili ili kumlipa wakala, na alipofika huku mwajiri wake hakumhuishia kitambulisho kilipokwisha muda, ingawa kuhuisha ni wajibu wa mwajiri. Bila kitambulisho halali duka la kutuma fedha halikumhudumia, basi nikawa ninatuma mshahara wake kwa jina langu, na baadaye wa wenzake wawili, mpaka siku moja karani akaniita pembeni na kunihoji mbele ya foleni fedha zote hizo ninazipata wapi. Niliogopa, kwa sababu mimi pia ukaazi wangu unategemea mwajiri. Niliacha kuwatumia watu wengine, na mmoja wao mpaka leo hanisemeshi. Siwezi kumwambia mtu afanye nilivyofanya wala asifanye. Ninachojua ni kwamba sikuwa na uwezo wa kubeba hatari ile.

Na niruhusuni niseme linaloniuma zaidi. Simu za kwao huingia mwisho wa mwezi: ada ya shule, mabati, harusi ya kaka. Nimekaa karibu na dada hawa siku zao za mapumziko, wale wanaozipata, nikasikia mazungumzo ya nusu saa ambayo ndani yake hakuna aliyeuliza kama amelala, kama amekula, kama mshahara uliotumwa ni ule ulioandikwa kwenye mkataba. Baadhi ya wanaoniandikia kwa ukali kwamba nimewatupa dada zetu wana dada hapa hapa, na nikiwauliza jina la mwajiri wake hawalijui.

Kama una dada anayesafiri mwezi huu, kaa naye kabla hajaenda uwanja wa ndege, muusome mkataba wote pamoja, uandike jina na namba ya simu ya mwajiri, ya wakala na ya ubalozi wa nchi yenu hapa Doha, na mkubaliane siku ya wiki mtakayozungumza. Asipopiga simu siku hiyo, wewe ndiye utakayeanza kupiga.