Nilimjengea mama nyumba, jua likamtoa sebuleni

Asalaam aleikum ndugu zangu, habari za huko Tanga, Unguja, Mombasa na kote mnakonitazama. Hapa Maskati ni saa saba mchana, mwezi wa saba. Nimeegesha gari chini ya turubai. Subirini nigeuze kamera muone barabara. Mnaona mtu? Hakuna. Lile jengo linaloendelea kujengwa pale, winchi imesimama, mafundi hawapo. Sheria ya Oman ni kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, ni marufuku kufanyisha watu kazi nje juani. Kila mtu amejificha kivulini.

Nimekaa hapa miaka mitano. Ningepaswa kulijua jua kuliko ndugu zangu wote. Basi sikilizeni nilichofanya.

Nilimjengea mama nyumba Tanga. Nilituma pesa kidogo kidogo, fundi akanitumia picha WhatsApp, nikachagua kila kitu kwa simu. Bati la msauzi rangi ya mkaa, kwa sababu kwenye picha lilipendeza. Dari ya jipsamu, chini kabisa. Dirisha la sebule pana la aluminiamu, limetazama barabarani. Ua mzima tukatandaza pevingi, na mwarobaini uliokuwa pale tukaukata kwa sababu unamwaga majani.

Mwezi wa pili nikaenda likizo, kaskazi imekolea. Nikamkuta mama ametandika mkeka nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Sebule ina makochi mapya, yeye yuko nje. Ananiambia, "Mwanangu, nyumba nzuri, Mwenyezi Mungu akulipe. Ila mchana haikaliki." Saa kumi nikaingia ndani, nikagusa mkono wa kochi, wa moto kama sufuria lililotoka kuepuliwa. Kitambaa upande wa dirishani kilishapauka, na nyumba haijatimiza mwaka. Dirishani zilikuwepo dawa zake za presha, zinapigwa na jua ndani ya kichupa. Hapo nilishindwa kusema kitu.

Ndugu zangu mnaojenga, hasa nyie mnaotuma pesa kutoka mbali kama mimi: kabla ya kuuliza bei ya bati, uliza jua linazama upande gani wa kiwanja. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mchana jua linakaa juu ya utosi, kwa hiyo mzigo wote unapokelewa na paa. Asubuhi na jioni linakuja limelala, linaingia kwa madirisha ya mashariki na magharibi, na la magharibi ndilo baya zaidi maana linakuta nyumba imeshachemka tangu mchana. Pazia ulilofunga ndani halisaidii sana, kwa sababu joto likishavuka kioo limeshaingia. Linatakiwa kuzuiwa nje.

Hapa Maskati ukipanda mlimani ukautazama mji, unaona weupe mtupu. Manispaa inasimamia rangi za nje za majengo. Na wazee wetu walilijua hili kabla ya mtu yeyote kutufundisha: nendeni Mji Mkongwe kule Unguja, mguse ukuta wa mawe na chokaa saa nane mchana. Ukuta ni mnene, vichochoro ni vyembamba, nyumba zinakingiana kivuli. Sisi tumeviacha vyote hivyo tukaita ushamba, tukanunua kioo na bati jeusi.

Nilimwita fundi, bati likapigwa rangi nyeupe ya paa. Tukatoboa matundu ya hewa kwenye kingo za paa, joto lililokuwa limefungiwa juu ya dari lipate pa kutokea. Nje ya dirisha la sebule tukaweka kipaa cha makuti, kimetoka mbele vya kutosha na kushuka chini kidogo. Tukang'oa pevingi ya upande wa magharibi, tukapanda mwarobaini mwingine. Niliumia kuupanda mti mahali pale pale nilipolipa watu waukate.

Maji nayo. Huku tangi liko juu ya paa, wakati wa joto ukifungua bomba la baridi maji yanakuunguza. Basi watu huzima hita ya maji iliyo ndani ya nyumba, na hilo tangi lake dogo ndilo linakuwa la maji ya baridi. Nyumbani hatujafika huko, lakini simtanki lenu mkiliwekea kivuli litadumu zaidi. Plastiki inapigwa na jua hadi inapasuka.

Sasa gari. Tazameni mikono yangu, niisogeze karibu na kamera. Mnaona wa kushoto ulivyo mweusi kuliko wa kulia? Huku usukani uko kushoto, mkono huu ndio uko dirishani. Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati, kinazuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayodhuru ngozi. Vioo vya pembeni mara nyingi havina, vinazuia ile inayobabua tu, na ile inayozama ndani ya ngozi inapita. Madereva wa malori na daladala nyumbani, angalieni mikono yenu ya kulia. Vaeni mikono mirefu. Ukiegesha, weka lile karatasi la kukunja la rangi ya fedha nyuma ya kioo cha mbele, dashibodi haitapasuka haraka. Na mtoto, jamani, mtoto asiachwe garini hata dakika tano. Kuteremsha kioo kidogo hakusaidii chochote cha maana.

Kuna jambo watu wa Nairobi, Arusha na Lushoto huwa hawaliamini. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi inaongezeka kama asilimia 10, hata kama umevaa sweta. Njia rahisi ya kujua: simama nje, utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta pa kujikinga. Macho yanaumia taratibu kwa miaka mingi, na jua ni moja ya vinavyoleta mtoto wa jicho. Kofia pana, na miwani iliyoandikwa UV400, yaani inayozuia mionzi hiyo.

Dada zangu wa mkorogo, nawaomba kwa mapenzi. Ule weusi ndio mwavuli wako. Ukiuchubua, unatoka juani bila mwavuli, na ngozi inakuja na mabaka ambayo hayatoki. Na kama nyumbani kuna mwenye ualbino, yeye hana huo mwavuli tangu kuzaliwa, na saratani ya ngozi huanza mapema. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, kwa ajili yao. Ulizeni kliniki ya ngozi iliyo karibu namna ya kuyapata. Na akiwa mtoto, asipangiwe kuchunga wala kuchota maji saa sita.

Mama amerudi sebuleni. Dawa ziko kabatini. Wiki iliyopita alinitumia video ya mwarobaini, umefika usawa wa goti, ameuzungushia miba kwa ajili ya mbuzi.

Anayejenga sasa hivi, nitumie kwenye maoni picha ya ramani ya nyumba yako na unionyeshe magharibi iko wapi. Nitazipitia zote Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, na wale wenye madirisha makubwa upande huo nitawajibu kwanza, kabla fundi hajamwaga lenta.