Kasi Si Ushahidi: Tuhuma za Pufya kwa Waendeshaji Baiskeli Chipukizi

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote: wazee wetu, wakufunzi wa vilabu vya Mombasa, Kilifi na Kwale, wazazi mliofika, na nyinyi vijana mlioacha mazoezi yenu ili kuja hapa. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalisema tena kwa sababu bado linafanywa kinyume. Kijana akishinda mbio kwa tofauti kubwa, swali la kwanza ni "ametumia nini?", yaani pufya, dawa haramu za kuongeza nguvu, na anayeulizwa ni yeye mwenyewe, mbele ya kamera, akiwa bado anahema, ilhali daktari wake, mkufunzi wake, wakala wake na mwenye timu wamesimama pembeni wala hakuna anayewageukia. Sidai kwamba tuache kushuku. Ninadai kwamba tushuku kwa utaratibu, na kwamba shuku hiyo iwafikie wale ambao historia ya mchezo huu imewaonyesha mara kwa mara kuwa ndio wanaoileta sindano chumbani.

Habari za Tadej Pogačar, Mslovenia, mnazijua, kwa hiyo nitazigusa tu. Tarehe 19 Septemba 2020, katika mbio za kushindana na saa zilizoishia kwenye mlima wa La Planche des Belles Filles, alianza akiwa nyuma ya mpinzani wake Primož Roglič kwa sekunde 57 na akamaliza akiwa mbele yake kwa sekunde 59. Kesho yake alishinda Tour de France, mbio kuu za baiskeli za Ufaransa, ikiwa imebaki siku moja atimize miaka 22; mshindi mwenye umri mdogo kuliko huo hakuwa ameonekana tangu Henri Cornet mwaka 1904. Mwaka mmoja kabla yake Egan Bernal alikuwa ameshinda akiwa na miaka 22. Kisha mwaka 2024 Pogačar akaupanda mlima wa Plateau de Beille kwa muda uliopungua zaidi ya dakika tatu kutoka ule wa Mwitaliano Marco Pantani wa mwaka 1998, na mnajua mwaka 1998 ulikuwa mwaka wa kashfa kubwa ya pufya katika mchezo huu. Anayeitazama hesabu hiyo bila kushtuka hajaufuatilia mchezo wenyewe, na simlaumu hata kidogo anayeuliza.

Ninayemlaumu ni yule anayeuliza na papo hapo akajijibu. Tangu zama za Pantani yamebadilika mambo mengi ambayo yanaweza kupimwa. Waendeshaji waliokuwa wakiambiwa wasizidishe gramu 60 za wanga kwa saa leo wamezoezwa kula hadi gramu 120 wakiwa juu ya baiskeli. Matairi yamepanuka, nguo na fremu hupimwa katika vyumba vya upepo, na kijana wa miaka 17 ana kipimo cha nguvu kwenye pedali ambacho bingwa wa zamani hakukiota. Timu kubwa zinasajili watu wakiwa na miaka 18, kwa hiyo anayeonekana ameibuka ghafla akiwa na miaka 21 huenda ameishi miaka mitatu kama mtaalamu kamili. Hayo yote hayamtakasi mtu. Atakayewaambia kwamba matairi mapana na maji ya sukari yanaeleza kila dakika iliyopungua, mwulizeni amepima vipi; na atakayewaambia kwamba dakika hizo haziwezi kupungua bila EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, mwulizeni swali hilo hilo. Saa inatueleza kwamba mtu amekwenda mbio. Sababu haiwezi kutueleza.

Sasa tuangalie chombo kinachoweza kutueleza angalau sehemu ya sababu hiyo, kwa sababu hapa ndipo chipukizi anapopata taabu yake. Mwaka 1997 shirikisho la kimataifa, UCI, liliweka mstari mmoja kwa watu wote: ambaye chembe nyekundu zinazidi asilimia 50 ya damu yake anasimamishwa kwa ajili ya afya yake. Ndivyo Pantani alivyoondolewa katika Giro d'Italia, mbio kuu za Italia, ya mwaka 1999 pale Madonna di Campiglio, akiwa na asilimia 52. Lakini mstari mmoja kwa wote ulikuwa pia ruhusa kwa wote, maana mwenye asilimia 42 ya kuzaliwa nayo aliweza kujidunga hadi 49 asiguswe na mtu. Kuanzia mwaka 2008 ikaja pasipoti ya kibayolojia, ambayo haitafuti dawa yenyewe bali athari ambazo dawa huacha katika damu. EPO huongeza chembe changa nyekundu; kurudishiwa damu iliyotolewa mwilini kabla huzipunguza. Na kipimo halisi si cha watu wote, bali ni cha mtu huyo huyo akilinganishwa na yeye wa jana.

Akina mama mliopo mnaielewa kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wa siku moja haumwambii muuguzi kitu. Ni nukta nyingi zilizounganishwa ndizo zinazoonyesha kama mtoto anakua au anadhoofika. Pasipoti hiyo ni kadi ya namna hiyo. Sampuli zikiwa chache, mipaka inayoruhusiwa inakuwa mipana. Zikiongezeka, mipaka inabana. Maana yake ni kwamba chipukizi aliyeingia juzi ndiye mtu ambaye chombo chetu kinamfahamu kidogo kuliko wote, na ndiye huyo huyo tunayemshuku kuliko wote. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na yeye. Akisema "sijatumia", Lance Armstrong, Mmarekani aliyekuja kunyang'anywa mataji yake kwa pufya, naye alisema hivyo. Akikaa kimya, kimya chake kinageuzwa kuwa ungamo.

Na msidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu. Bernal ametoka Zipaquirá kule Kolombia, mji ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Biniam Girmay, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mkondo wa Tour de France na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, mwaka 2024, ametoka Asmara, Eritrea, ambako ni zaidi ya mita 2,300. Sisi tuko kando ya bahari. Kijana wa Likoni akipelekwa Iten, kule milimani, kwa mazoezi ya mwezi mzima, himoglobini yake inaweza kupanda bila sindano yoyote, kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi na mwili unajitahidi. Kama hana sampuli hata moja iliyochukuliwa akiwa hapa, atajitetea kwa nini siku atakaposhinda?

Naomba sasa mnivumilie, maana habari hii ninaisimulia kila ninapopewa nafasi. Palikuwa na Mfaransa aitwaye Christophe Bassons. Alikuwa mwanatimu wa Festina, ile timu ambayo mwezi Julai 1998 gari lake lilikamatwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limesheheni dawa. Uchunguzi ulipofanywa, wenzake wenyewe walieleza kwamba Bassons hakuwa akitumia. Mwaka uliofuata alishiriki Tour de France akiwa na timu nyingine, akiwa na miaka 25, na akawa anaandika katika gazeti la Le Parisien kwamba kasi ya mbio zile haimridhishi. Wenzake wakaacha kuzungumza naye. Siku ya kwenda Alpe d'Huez, Armstrong, akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio, alimfikia barabarani na kumwambia kwamba maneno yake yanauharibu mchezo, na kwamba ingefaa aondoke. Hazikupita siku nyingi akaondoka kweli, asubuhi, kabla ya wenzake kuanza mbio. Miaka miwili baadaye akaachana na baiskeli za kulipwa.

Kwa nini siichoki habari hii? Kwa sababu Bassons alikuwa kijana, alikuwa msafi, naye ndiye aliyekuwa akishuku. Shuku yake ilikuwa na anwani: ukimya wa msafara mzima. Wale ambao leo wanasema "wote wanatumia" wanajiona jasiri kama yeye, kumbe wanamfuta. Ukisema wote wanatumia, umemweka Bassons na Armstrong katika mizani moja, na mwenye hatia hatafuti zaidi ya hapo. Atajificha ndani ya neno "wote" na kuendelea na kazi yake. Nami ninataka kuwauliza wakufunzi mliopo: kijana wenu akija kuwaambia kwamba kuna mtu kambini anagawa vidonge, atakuta nani wa kumsikiliza? Au ataambiwa anauharibu mchezo?

Kisha tazameni Armstrong mwenyewe alivyokuja kukamatwa. Mwaka 1999 ule ule mkojo wake ulionyesha kotikosteroidi, na cheti cha daktari kilichorudishwa nyuma tarehe kikamwokoa. Mataji saba aliyoyapata hadi mwaka 2005 hayakuondolewa kwa sababu fulani alihesabu dakika zake mlimani na kuona haziwezekani. Yaliondolewa mwaka 2012 kwa sababu shirika la kupambana na pufya la Marekani lilikusanya ushahidi wa kiapo wa watu 26, wakiwamo waendeshaji baiskeli 15, pamoja na kumbukumbu za malipo na barua. Kilichohitajika ni mashahidi, stakabadhi na nyayo za fedha. Mambo hayo yanakaa kwa watu wazima, hayakai kwa mtoto wa miaka 19.

Ninajua kuna mtu hapa anajiambia: vipi kuhusu Chicago? Haya, tuijibu. Tarehe 13 Oktoba 2024 Mkenya mwenzetu Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, rekodi ya dunia. Mwandishi mmoja akamuuliza ana kwa ana kuhusu pufya, na nchi nzima ikawaka, wabunge wakiwamo. Mwezi Machi 2025 sampuli yake ikakutwa na haidrokloro­thiazaidi, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo huweza kuficha dawa nyingine, na Oktoba mwaka huo akafungiwa miaka mitatu. Watu wakasema, basi mwandishi alikuwa na haki. Swali lilikuwa halali, nakubali, na hasira zetu za kizalendo hazikuwa jibu. Lakini kilichomhukumu ni sampuli. Muda wake wa Chicago haukuwa ushahidi siku ile na haukuwa ushahidi siku ya hukumu, ndiyo maana rekodi ile haikufutwa. Na maelezo yake kwamba alimeza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani alipougua hayakumwokoa, kwa kuwa sheria inamwajibisha mwanamichezo kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, awe amekusudia au hakukusudia.

Hapo ndipo wazazi mnaponihusu zaidi. Mtoto akikohoa tunampeleka duka la dawa pale mtaani, tunapewa chupa na vidonge ndani ya karatasi bila jina, na yameisha. Kwa kijana anayeshindana, hayajaisha. Sindano ya triamsinoloni ya kupunguza maumivu ya goti, ambayo hutolewa kwa wepesi sana nchini, imewafungia Wakenya wengi. Hata dawa ya pumu ina kiwango: salbutamoli ya kuvuta haipaswi kuzidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa baiskeli na David Kinjah wetu, alikutwa na kiwango kilichozidi katika Vuelta, mbio kuu za Uhispania, ya mwaka 2017. Suala lake lilivuja magazetini kabla ya kuamuliwa, na ingawa lilifungwa Julai 2018 bila adhabu, wako watu ambao hadi leo wanamwita mwizi. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2015, akiwa na jezi ya njano, alimwagiwa mkojo barabarani. Mtu mzima aliyeshinda mataji aliyavumilia hayo. Mtoto wa miaka 18 kutoka Mtwapa msimtarajie ayavumilie.

Muda unaniishia, kwa hiyo mengine nitayapitia mbio. Kamila Valieva, mtelezaji wa barafu kutoka Urusi, alikuwa na miaka 15 alipokutwa na dawa ya moyo. Yeye alifungiwa miaka minne, na hakuna mtu mzima aliyeadhibiwa pamoja naye. Suala la kuvuta gesi ya kaboni monoksaidi kambini ili kuongeza chembe nyekundu lingehitaji jioni nyingine; itoshe kwamba UCI imelipiga marufuku kuanzia Februari 2025, isipokuwa kwa upimaji wa hospitali wenye masharti. Na kuhusu mota ndani ya fremu, kesi ya mwaka 2016 kule Zolder, Ubelgiji, ilimhusu msichana wa miaka 19, nanyi jiulizeni kama msichana wa umri huo ndiye fundi wa baiskeli yake.

Ninalotaka tulifanye Pwani ni dogo. Kila klabu imwandikishe mtu mzima mmoja, mwenye jina linalojulikana, atakayewajibika kwa kila dawa, kila kirutubisho na kila daktari anayemgusa kijana aliye chini ya miaka 18, na daftari lake likaguliwe na wazazi. Tuiombe ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na pufya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ije kufundisha huku kabla ya msimu, isingoje kuja na chupa za mkojo. Na kijana anayeelekea mashindano ya nje achukuliwe vipimo vya damu hapa nyumbani kabla hajapanda mlima wowote, kwa idhini ya wazazi wake, hata kama havitaingia katika pasipoti rasmi, ili kuwe na jambo la kuonyesha siku atakapoulizwa.

Fomu za wakufunzi ziko mezani karibu na mlango. Wenye vijana walioingizwa katika orodha ya upimaji wabaki kidogo, tuwaonyeshe jinsi ya kujaza mahali mtu atakapopatikana kwa saa moja ya kila siku, kwa sababu kukosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa linalofungia kama sindano, na simu isiyo na bando haikubaliki kuwa udhuru. Maswali yaanze na vijana.