Inuka, Ule: Mwalimu Aliyechoka na Mfungo wa Siku Tatu

MWALIMU: Mbukwenyi wapendwa, na Bwana Yesu asifiwe. Tunawajia kutoka hapa Dodoma. Madirisha yako wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita mtuvumilie. Mchungaji, karibu.

MCHUNGAJI: Amina, Mwalimu, asante. Leo nimekuja na deni, na naomba nianze nalo.

MWALIMU: Deni la nani?

MCHUNGAJI: Lako. Mwaka juzi ulikuja ofisini kwangu baada ya ibada ya pili, ukaniambia umechoka mpaka huwezi kulia. Nikakwambia ufunge siku tatu.

MWALIMU: Nakumbuka. Nilifunga kweli. Siku ya pili nikaanguka mbele ya darasa, chaki mkononi. Watoto ndio walioniinua.

MCHUNGAJI: Waeleze wasikilizaji ulikuwa umebeba nini.

MWALIMU: Shuleni nilikuwa na mikondo mitatu ya kidato cha pili, kila mkondo una wanafunzi zaidi ya 70. Nyumbani watoto, na mama mkwe anaumwa. Kanisani nilikuwa mweka hazina wa akina mama, mwalimu wa shule ya Jumapili, na kwaya Jumatano na Ijumaa. Ufunguo wa kanisa nao ulikuwa kwangu, maana yake wa kwanza kufika ni mimi na wa mwisho kuondoka ni mimi.

MCHUNGAJI: Na ndani mwako?

MWALIMU: Kuna siku nilikaa ofisi ya walimu na rundo la madaftari. Nikafungua la juu, kalamu nyekundu mkononi. Nikasoma jibu la kwanza, nikarudia, nikarudia tena. Kengele ikagongwa, naangalia, sijaweka hata tiki moja. Kuchoka nilikuwa nimekuzoea. Kilichonitisha ni kwamba sikujali. Mimi, ambaye watoto wangu nawajua kwa miandiko yao! Na Jumapili naimba, mdomo unafunguka, ndani pakavu kama korongo la mwezi wa nane.

MCHUNGAJI: Hapo kwenye kutojali ndipo ningepaswa kushtuka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi: inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haujadhibitiwa. Hawakuiita ugonjwa, lakini walitaja alama tatu. Nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi hata unaichukia, na kazi yenyewe inaanza kukushinda. Ulikuwa nazo zote.

MWALIMU: Nami nilidhani nimepoa kiroho.

MCHUNGAJI: Na mimi nikakubaliana nawe. Ndilo linaloniuma. Miezi kadhaa baadaye nikawa naandaa somo la Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakimbilia kwenye ile sauti ndogo ya utulivu pale Horebu. Safari hii nikakwama mwanzoni. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameshindwa. Malkia Yezebeli anatuma neno moja tu, kwamba atamuua, na mtu yule yule anakimbia. Beer-sheba anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe.

MWALIMU: Mretemu ni kichaka tu, Mchungaji. Kivuli chake chembamba, kama cha mgunga mwezi wa kumi.

MCHUNGAJI: Ndiyo. Sasa angalia Mungu anavyomjibu. Hamkemei, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa: "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa, gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena! Na malaika hasemi kitu. Anarudi mara ya pili na chakula, anamwambia safari hii ni kubwa mno kwake. Nikaweka kalamu chini. Mungu alimpa mtumishi wake aliyechoka mkate, mimi nikamnyima wangu. Naomba unisamehe, Mwalimu.

MWALIMU: Nilishakusamehe zamani. Ila nafurahi umelisema wengine wakisikia, maana wapo wanaofunga leo huku wanapaswa kulala.

MCHUNGAJI: Na wapo wanaopaswa kumwona daktari. Eliya aliomba afe. Tusiipite sentensi hiyo haraka. Hapa kwetu ukisema kichwa kimechoka, watu wanakutajia Mirembe kama tusi. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili. Usingizi ukikukimbia wiki hadi wiki, au ukianza kuyatamani mauti, nenda hospitali, na mchungaji wako akusindikize.

MWALIMU: Mimi nilikwenda. Daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: mara ya mwisho kula umekaa ni lini?

MCHUNGAJI: Ukajibu nini?

MWALIMU: Nilishindwa kujibu. Lakini tusiwadanganye watu: imani haijapunguza madaftari. Wanafunzi bado ni zaidi ya 70. Kilichopungua ni yale niliyokuwa najibebesha nikidhani nikiyaacha Mungu atakasirika. Ufunguo sasa wanao watu watatu kwa zamu. Uweka hazina nimekabidhi. Kwaya naimba safu ya nyuma, siongozi. Na maombi yangu yamekuwa mafupi. Asubuhi kwenye daladala nasema tu, "Bwana, nimeamka," nanyamaza mpaka kituoni. Zamani ningeona aibu kuyaita maombi.

MCHUNGAJI: Hata Eliya, alipofika Horebu, aliambiwa akampake mafuta Elisha. Akapewa wa kusaidiana naye.

MWALIMU: Na wewe Elisha wako ni nani? Ulisema Jumatatu ni siku yako ya kupumzika.

MCHUNGAJI: Ni kweli. Simu anabaki nayo mzee wa kanisa.

MWALIMU: Jumatatu iliyopita nilikuona msibani, tangu asubuhi mpaka jioni.

MCHUNGAJI: Msiba ni msiba, Mwalimu.

MWALIMU: Sawa. Jumanne ulipumzika?

MCHUNGAJI: Jumanne kulikuwa na kikao.

MWALIMU: Mchungaji.

MCHUNGAJI: Nimekuelewa. Kesho kutwa sina ratiba. Nitalala, na chakula cha mchana nitakula nyumbani, nimekaa.

MWALIMU: Nitampigia mama mchungaji saa nane, nimuulize.