"Mimi Sina Chumba, Nina Njia": Mhadhara Kuhusu Neno Dalali

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalisema tena kwa sababu kila msimu wa mavuno nakutana na kichwa cha habari kilekile: madalali wawanyonya wakulima. Huwa nasoma habari yote, mstari kwa mstari, nikimtafuta huyo dalali. Simwoni. Ninayemwona ni mtu aliyefika kijijini mwezi wa pili, nyumba hazina chakula, ada za shule zinadaiwa, akatoa fedha taslimu na kununua ufuta ukiwa bado shambani kwa bei aliyoipanga yeye. Mavuno yakafika, akaja na gari akabeba.

Huyo amenunua. Mali imekuwa yake, na akiiuza anauza chake. Kwa nini tunamwita dalali?

Nawauliza hasa nyinyi waandishi wa habari na wafasiri mliomo humu, maana neno likiharibikia mikononi mwenu halirudi zima.

Tuanze na neno lenyewe. Dalali tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa neno dalili. Dalili inakuonesha kitu ambacho bado hujakiona: mawingu ni dalili ya mvua. Dalali naye ni mwoneshaji, anayemwongoza mwenye haja hadi kwa mwenye mali. Neno limesafiri sana. Huko India mtaa lilipo soko la hisa la Mumbai unaitwa Dalal Street, na hakuna anayeona aibu kuutaja. Hapa kwetu ukimwambia mtu "wewe dalali" umemtukana.

Sasa naomba mnisikilize kisa ambacho huwa sikiachi.

Mwaka 1998 nilikuwa natafuta chumba Dar es Salaam. Nikaelekezwa Tandika, kwa mzee mmoja aliyekuwa akikaa kwenye benchi chini ya mwembe na daftari la kaunta lililokunjika pembe. Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu. Hakuinuka. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akanisomea: chumba kimoja, umeme wa kuchangia, choo cha nje, maji kisimani, mwenye nyumba mjane, anataka shilingi 8,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita, hataki kelele za usiku. Akainua macho. "Na mimi ujira wangu ni kodi ya mwezi mmoja, ukikipenda. Usipokipenda hunidai, sikudai."

Nikamuuliza, kwa ujana wangu, kama hawezi kunipunguzia hiyo 8,000. Akacheka. "Mwanangu, mimi sina chumba. Nina njia. Habari ya bei kamwambie mwenye chumba."

Tukaenda. Tulipofika akabisha hodi, tukakaribishwa, akamwambia yule mama, "Mgeni wako huyu, nimemsomea masharti yako yote." Halafu akatoka nje, akakaa barazani. Mimi na mama tukazungumza peke yetu, tukaelewana 7,500. Nilipotoka nikamwambia. Akachukua kalamu, akakata ile 8,000 daftarini, akaandika 7,500, na ujira wake akaupokea kwa hesabu hiyo mpya. Nilikuwa nimempunguzia kipato mbele ya macho yake, na hakukunja uso.

Miaka mingi baadaye binti yangu akapata kazi, akatafuta chumba Sinza. Akampata kijana wa simu. Hela ya kuoneshwa, shilingi 20,000, ilitangulia hata kabla ya kuona mlango. Kijana akasema kodi ni 180,000, miezi sita, na udalali mwezi mmoja. Binti akaomba aonane na mwenye nyumba. "Mwenye nyumba hapendi kusumbuliwa, dada. Malizana na mimi." Akamalizana naye: 1,080,000 ya kodi, na 180,000 ya udalali. Funguo akapewa, risiti akaahidiwa. Miezi sita ikaisha, mwenye nyumba akaja mwenyewe kudai kodi inayofuata. Jioni ile binti akanipigia simu: "Baba, mwenye nyumba anasema laki tisa."

Pigeni hesabu. Laki tisa kwa miezi sita ni 150,000 kwa mwezi. Kila mwezi kuna 30,000 iliyokuwa ikikaa katikati, kwa binti ni kodi, kwa mwenye nyumba haipo. Jumla 180,000. Yaani kijana alilipwa udalali waziwazi, kisha akajilipa wa pili gizani.

Nikienda na visa hivi viwili mahali popote na kuuliza hawa ni nani, najibiwa: wote madalali, mmoja mzuri, mmoja mbaya. Hapo ndipo damu inaponichemka. Wa pili si dalali mbaya. Katika ile 30,000 hakuwa dalali kabisa. Alijifanya mwenye nyumba mbele ya binti yangu, na mbele ya mwenye nyumba akajifanya mpangaji. Alichokuwa akificha ni njia, na njia ndiyo kitu pekee ambacho dalali anacho.

Kwa hiyo mkitaka kumtambua dalali, ulizeni mali ni ya nani. Ikiwa yake, si dalali. Ulizeni bei ya mwenye mali nani anaijua. Ikiwa anaijua yeye peke yake, si dalali. Na ujira wake, je, mlipaji anaujua kuwa ni ujira? Cha juu kilichofichwa ndani ya bei si ujira. Hata sheria yetu inalijua hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inasema aliyetumwa akiifanya kazi ya aliyemtuma kwa manufaa yake mwenyewe bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma ana haki ya kuidai faida hiyo. Yule mwenye nyumba wa Sinza, kama alimtuma kijana, angeweza kuidai ile 180,000. Hakudai, kwa sababu kichwani mwake, kama vichwani mwenu, "ndivyo madalali walivyo". Mnaona neno linavyomlinda mwizi? Likishakuwa tusi la jumla, halimshtaki mtu yeyote.

Kuna mtu hapa anajisemea moyoni: mwalimu, lugha haiamrishwi, watu wakishaamua dalali ni mnyonyaji basi ndiyo maana yake. Hoja hiyo naiheshimu, nimeifundisha mimi mwenyewe. Lakini hebu tazameni watu hao wanasemaje. Mkulima wa Mtwara hasemi dalali. Anasema mtu wa kangomba: anayezunguka nje ya chama cha msingi cha ushirika, ananunua korosho kwa kopo lake mwenyewe na kwa bei ya kutupa, kisha anaziingiza ghalani kana kwamba amezivuna yeye. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilihakiki wakulima mmoja mmoja ili kuwabaini watu wa kangomba. Neno hilo lilitamkwa hadi Dodoma, na nchi nzima ikaelewa. Mkulima wa Kagera naye ana butura, kununua kahawa ingali mtini. Wenye shida wameunda maneno yenye makali ya wembe. Sisi wa mjini tunayapokea, tunayatupa pembeni, tunaandika "madalali". Nani hapo anayewaamrisha wenzake?

Na tulikuwa na neno mlanguzi. Walio na umri wangu wanaikumbuka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine na msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, mabulungutu ya khanga na mifuko ya sukari ikitolewa mafichoni. Mlanguzi ana mali, anaificha, anasubiri bei ipande. Neno zima, lina kazi yake hadi leo. Tumeliweka kabatini pamoja na enzi ile, na mzigo wake tukamtwika dalali.

Swali zito zaidi niliulizwa Unguja na kijana mmoja, na tangu siku hiyo silikwepi. Alisema: mwalimu, unalisafisha neno ambalo lilitembeza watu sokoni. Ni kweli. Katika soko la watumwa la Unguja, lile lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 wakati wa Sultani Barghash, pale Mkunazini ambapo leo pana kanisa kuu la Kianglikana, aliyekuwa akiwapitisha binadamu mbele ya wanunuzi na kutangaza bei alikuwa dalali. Na alikuwa dalali kwelikweli, kwa vipimo vyangu vyote: waliouzwa hawakuwa mali yake, bei ilitajwa hadharani, ujira ulijulikana. Uovu haukuwa katika kuficha kitu. Uovu ulikuwa katika kinachouzwa, na kila aliyekuwa pale aliushiriki. Kwa hiyo sisemi dalali maana yake mtu mwema. Nasema neno linataja kazi, na tukilijua barabara tutajua pia lini kazi yenyewe ni haramu, na lini kazi ni halali ila mtu ameiba.

Mwingine ataniletea methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa. Lakini methali hiyo ilizaliwa mahali ambapo kila mtu anajua kisima kiko wapi na nani ana ng'ombe wa maziwa. Mgeni aliyeshuka stendi na begi lake, chumba kizuri kilichoko mtaa wa nyuma hakimwiti kwa jina.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Nikimbie.

Neno wakala. Linganisheni bahati yake na ya dalali. Katika Kiarabu wakala ni ile shughuli ya kumwakilisha mtu, na mwenye kuifanya ni wakili. Kiswahili kikagawa upya: wakili akavaa joho akaenda mahakamani, wakala likawa jina la mtu. Na limepanda cheo. Tangu Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997 tuna Wakala wa Barabara, Wakala wa Vipimo. Tangu M-Pesa ilipofika kwetu 2008, wakala ni dada mwenye mwavuli na daftari anayetushikia fedha zetu. Wakala anasimama upande mmoja, kwa niaba ya aliyemweka. Dalali anasimama katikati. Ndiyo maana kwenye bima tofauti hii si mapambo: wakala wa bima anauza kwa niaba ya kampuni iliyomteua, dalali wa bima anatakiwa akutafutie wewe mteja kampuni inayokufaa. Ukichanganya majina hayo utamwamini asiyekuwa wako.

Dalali wa mahakama. Huyu nilikuwa na mengi juu yake, nitasema moja tu. Anatekeleza amri ya mahakama, kama ya kukamata na kunadi mali ya mdaiwa, na anasimamiwa na kanuni zake za 2017. Akikuta familia inalia getini hasira zote zinamshukia yeye, na neno linazidi kuchafuka kwa hukumu ambayo hakuitoa.

Kunadi nimelipanga kwa siku nyingine, lakini nitupie swali. Dalali anayenadi meza na makochi tunamkunjia pua. Mgombea akipanda jukwaani "kunadi sera" tunapiga vigelegele. Kitenzi ni hichohicho kimoja.

Na winga wa Kariakoo, ambaye vijana mmeniandikia vikaratasi kuhusu yeye. Amekuvuta barabarani, amekupeleka duka ambalo si lake, amekutajia bei. Mpimeni kwa maswali yaleyale. Akikupeleka kwa mwenye duka mkapatana, na mwenye duka akamlipa ujira wake, ni dalali. Akikwambia 45,000, akaingia ndani peke yake akalipa 30,000 na kukutolea mzigo mlangoni, amekuuzia. Hilo si dhambi, biashara ni biashara, lakini basi aseme anauza, ili kesho kiatu kikibanduka soli umjue wa kumrudishia.

Nimalizie na ukuta. Wote mmeupita, upo Kimara, upo Mbezi, upo kila kitongoji chenye viwanja vya kugombaniwa. Mwenye nyumba amechukua kopo la rangi nyekundu na brashi, ameandika kwa herufi kubwa, mstari umepinda: NYUMBA HII HAIUZWI. Na chini yake: OGOPA MATAPELI. Nimesimama mbele ya kuta nyingi za namna hiyo. Mtu yule ana hasira, anaogopa mali yake itauzwa akiwa safarini, hakusoma isimu, hana mhariri. Na katika maneno yote aliyoweza kuandika, ameandika matapeli. Hakuandika madalali.

Mama pale nyuma umenyoosha mkono siku nyingi. Karibu, uliza.