Ukilala Ndani ya Lori, Zima Injini

Ndugu zangu madereva, matingo na wenye magari, salamu zimeshatolewa, basi niingie kwenye jambo lenyewe. Wanaonifahamu wameshanisikia nikilisema hadi wamelikariri: kabla hujanunua chochote cha kupasha au kupoza kabini, zuia kwanza. Zuia joto lisiingie mchana, zuia lisitoke usiku. Nalirudia leo kwa sababu nikipita maegeshoni saa nane za usiku bado nasikia injini zinaunguruma, safu nzima, na ndani ya kila lori amelala mtu mmoja.

Injini kubwa ya dizeli ikiunguruma gari limesimama hunywa karibu lita 3 kwa saa. Usingizi wa saa 8 ni lita 24, kwa ajili ya mtu mmoja kwenye kitanda kisichozidi sana upana wa mabega yake! Na injini yenyewe inaumia: haifikii moto wake wa kazi, masizi yanajijenga kwenye kichujio cha moshi, oili inachafuka kabla ya wakati.

Sasa kioo cha mbele. Hapa nitakaa, mnivumilie. Lori limeegeshwa saa sita mchana, pua imeelekea jua. Mwanga unapita kwenye kioo na kutua juu ya dashibodi nyeusi. Iguse: huwezi kuuacha mkono. Dashibodi hiyo nayo inatoa joto, lakini joto la namna yake kioo hakilipitishi kirahisi kurudi nje. Limenaswa. Dereva anapanda kulala jioni, jua limeshazama, na dashibodi bado inamchoma.

Mtaniambia mnayo ile karatasi ya kung'aa ya kutandaza ndani ya kioo. Ni bora kuliko kukosa. Lakini ikikaa ndani, jua limeshaingia. Sehemu yake inarudishwa, sehemu inabaki kati ya karatasi na kioo, hapo katikati panachemka na joto linapenya hadi kitandani. Kizuizi kiwe nje. Turubai jeupe, limefunika kioo cha mbele, pindo zake mbili zimeingizwa milangoni na milango imefungwa juu yake. Safari moja tuliegesha malori mawili ya aina moja, mimi na mwenzangu, ubavu kwa ubavu. Mimi nimefunika kwa nje, yeye hakufunika kitu. Jioni yeye alikuwa ametandika mkeka chini ya tela, anangoja kabini ipoe. Mimi nilikuwa nimeshapata usingizi wa kwanza. Alinigongea mlango saa tatu usiku kuuliza nina mashine gani. Nilimwonyesha turubai, akaligeuza na kuligeuza akitafuta waya.

Najua wapo wanaosema: na nikilazimika kuondoka ghafla usiku, nianze kuvua turubai? Hofu hiyo naiheshimu. Mahali usipopaamini, tumia kizuizi cha ndani, na uegeshe pua iwe upande usiopigwa na jua la alasiri. Kuchagua upande hakugharimu kitu, na bado watu hawafanyi.

Usiku wa baridi ni hesabu ileile. Tundika pazia zito kati ya viti na kitanda, kutoka dari hadi sakafu. Ukishafunga pazia hilo unapasha kachumba ka kitanda tu. Usukani hauhitaji joto. Weka sponji ngumu chini ya godoro, maana chini ya kitanda ni boksi la vifaa na baridi nyingi inapanda kutoka huko. Ila usizibe kila tundu: pumzi ya mtu aliyelala ina maji, na asubuhi utayakuta yanatiririka kwenye kioo.

Baada ya hapo, pasha mwili kabla ya hewa. Blanketi la umeme la wati 50 kwa saa 8 linakula wati-saa 400. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na betri ya risasi usiikamue zaidi ya nusu. Kwa hiyo inatosha. Lakini sikilizeni: lori lenu likiwa la volti 24, msikubali fundi achukue volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Mimi nilifanyiwa hivyo. Betri iliyochotwa ikawa na njaa kila siku, ya pili ikawa inashibishwa kupita kiasi, na alfajiri moja nikabaki porini, naligeuza swichi na kusikia tik, tik, tik. Fungeni kifaa cha kushusha volti, na fyuzi karibu na betri.

Kwenye baridi kali, hita ndogo ya dizeli ya kilowati 2 inatumia takriban robo lita kwa saa ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Usiku mzima hauzidi lita 2. Inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje na moshi wake unatoka nje kwa bomba lake. Kagua viungo vya bomba hilo. Na ukitaka kuizima, tumia swichi yake uiache ijipoze. Usikate umeme ghafla.

Jiko la mkaa ndani ya kabini, hapana. Utaniambia mkaa umeshawaka vizuri, hauna moshi. Huo mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, halafu usingizi mzito, na mtu haamki. Kufungua kioo kidole kimoja hakukulindi. Jiko la gesi, vilevile. Mwenye hita yoyote inayochoma mafuta aweke kengele ya kaboni monoksidi karibu na mto.

Kuhusu joto, naona muda unanibana. Fungua tundu la dari na dirisha la chini, weka wavu wa mbu, na feni ndogo ielekee kifuani. Inakula ampea 1 au chini yake. Feni za maji zinafaa penye hewa kavu. Kwenye unyevu zinakulowesha tu. Barafu kilo 10 ikiyeyuka yote inapoza sawa na kiyoyozi cha kilowati 1 kwa muda usiofika saa moja.

Ndiyo, wewe wa nyuma, kiyoyozi cha betri. Chukulia kinakula wati 500. Betri zako mbili za ampea-saa 100, nusu yake ni wati-saa 1200: saa mbili na dakika chache, kikifanya kazi mfululizo. Zikiwa za lithiamu utazikamua zaidi, karibu saa nne. Kwenye kabini iliyofunikwa tangu mchana kompresa inapumzika mara kwa mara, na hapo unaweza kufika alfajiri. Kwenye kabini iliyoachwa wazi utaamka saa saba usiku umelowa jasho, na gari haliwaki.