Asali Juu ya Herufi: Utoto wa Kiyahudi, kutoka Mto Rhine hadi Fustat

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie historia ya utoto wa Kiyahudi, nayo ni historia ya nchi nyingi na karne nyingi mno kwa jioni moja. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nijibane katika Zama za Kati, na katika jambo moja tu, yaani mtoto alivyokabidhiwa kwa mwalimu, na kilichomkuta huko.

Shughuli hiyo ilikuwa ya zamani hata wakati huo. Talmud, mkusanyo wa kale wa sheria na masimulizi ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba kuhani mkuu Yoshua bin Gamla, wa karne ya 1, aliagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto waanze kusoma wakiwa na miaka 6 au 7. Humo humo imewekwa hesabu ya darasa: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 40 aongezewe msaidizi. Walimu mlioketi humu naona mnatazamana.

Sasa twende ukingoni mwa mto Rhine, huko Ujerumani, ambako Rabi Elazari wa mji wa Worms aliandika, mwanzoni mwa karne ya 13, desturi aliyoirithi kwa wazee wake. Asubuhi ya Shavuot, sikukuu ya kukumbuka kupewa Taurati, mvulana alifunikwa joho asije akaona kitu najisi njiani, akabebwa hadi kwa mwalimu na kuketishwa mapajani pake. Mwalimu alimsomea alfabeti ya Kiebrania kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia kinyumenyume, mtoto akifuatisha. Halafu kibao kikapakwa asali kidogo, naye akailamba palepale juu ya herufi. Baada ya hapo aliletewa mkate wa asali na yai la kuchemsha lililomenywa, vyote vimeandikwa aya za Maandiko, akavila baada ya kusomewa.

Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alidai mwaka 1960 kwamba watu wa Zama za Kati hawakuwa na dhana ya utoto kama tuliyo nayo sisi. Mimi nikiitazama asali ile nasita kukubali, maana mtu anayejua kwamba elimu ya siku ya kwanza hupitia ulimini anamfahamu mtoto vizuri sana. Hata hivyo nakiri kwamba maandishi haya ni ya wanaume wazima wakieleza jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, na kwamba mtoto wanayemzungumzia ni wa kiume. Binti hayumo. Wala hatusikii kama mvulana mwenyewe alilia.

Ndiyo maana napenda tuhamie Fustat, Cairo ya kale. Katika sinagogi ya Ben Ezra kulikuwa na chumba cha kutupia karatasi chakavu, kwa kuwa Wayahudi, kama sisi tuliokulia karibu na chuo cha Kurani, hawakutaka andiko lenye jina la Mungu likanyagwe. Mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alizihamishia sehemu kubwa ya karatasi hizo Cambridge, ambako leo vipo vipande zaidi ya 190,000. Miongoni mwake zimo kurasa za watoto. Mwalimu alichora herufi kubwa zenye uwazi ndani, na mtoto akaujaza kwa rangi, mara nyingine akizidisha hadi nje ya mstari. Vitabu vilikuwa haba, hivyo watoto kadhaa walizunguka kimoja, na wengine wakazoea kusoma herufi zikiwa juu chini au kutoka ubavuni. Ada ya yatima na ya watoto wa maskini ililipwa kutoka mfuko wa jumuiya.

Na hapa ndipo mwanamke anapotokea. Musa bin Maimoni, rabi na mwanasheria mashuhuri wa Fustat aliyefariki mwaka 1204, aliletewa kesi ya mke ambaye mumewe alisafiri akamwacha bila matunzo. Mwanamke huyo alikuwa amejifunza Maandiko, akaanza kufundisha watoto pamoja na kaka yake. Kaka alipoondoka, chuo kikabaki mikononi mwake, akisaidiwa na mwanawe mkubwa. Mume aliporudi akataka afunge chuo au yeye aoe mke wa pili. Musa alijibu kwamba kisheria mume anaweza kumzuia, lakini mke naye anaweza kumkataa mume, asamehe mahari yake, apewe talaka, na akishakuwa huru afundishe amtakaye.

Sheria aliyoiandika Musa huyohuyo katika mkusanyo wake mkubwa inamkataza mwanamke kufundisha watoto, na inamkataza pia mwanamume asiye na mke. Sababu anayoitoa ni ya mlangoni kabisa: kina baba huwaleta wana wao kwa mwalimu, na kina mama vilevile.