Alerce: mti wa miaka 3,600 na sheria iliyoacha mwanya

Asalaam alaikum, mabibi na mabwana. Leo nawatoa hapa Mombasa niwapeleke kusini mwa Chile na ng'ambo ya mpaka Argentina, kwenye misitu ya baridi na mvua nyingi ambako huota mti uitwao alerce.

Kabla hamjaniuliza: la, mvinje wetu wa ufukweni si nduguye. Vile vitunda vyake vinafanana na koni, basi. Ndugu wa alerce hapa Kenya ni mtarakwa wa milimani.

Alerce huongezeka unene kama milimita moja kwa mwaka, pengine isifike. Ukiweka ukucha wa kidole gumba juu ya kisiki chake, umefunika miaka kumi na zaidi. Mwaka 1993 watafiti Antonio Lara na Ricardo Villalba walichapisha hesabu ya pete 3,622 za mti mmoja, na kila pete ni mwaka mmoja.

Mafundi wa majahazi mlio hapa mtanielewa upesi. Mbao yake ni nyekundu, nyepesi, na hupasuka kufuata nyuzi zake. Gogo likichanwa kwa shoka, kibao hutoka kimenyooka. Huko Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile, vibao hivyo huezekea mapaa na kufunika kuta, vikanyeshewa miaka nenda miaka rudi visioze. Zamani mbao za alerce zilitumika huko badala ya fedha.

Mwaka 1976 Chile ikapiga marufuku kukata alerce mbichi. Mfu ukaruhusiwa kwa kibali. Hapo ndipo nina ugomvi na sheria ile. Ukimwambia mtu kwamba mti mfu ni halali, si ataufisha? Wapo walioutia moto msitu ili wapate miti mikavu.

Sisi Kenya tulizuia boriti za mikoko kwenda nje mwaka 1982. Lakini aliyepanda mkoko ana tamaa ya kuziona boriti zake mwenyewe. Alerce wa unene wa mita moja ni kazi ya miaka elfu hivi, nani atangoja?

Na njia ya kumbana mchomaji ipo. Pete ya mwisho, ile iliyo chini ya gome, ikilinganishwa na za miti jirani, husema mti ulikufa mwaka gani. Basi anayeomba kibali alete kipande chenye gome. Gome likiwa limeungua lote, mimi nisingempa.

Haya, maswali.